Kabla ya Mimba ya Tano

Siku Dina alipokuja kuomba kazi kwenye kibanda cha chakula cha Pili, mama yake Hajira, karibu na stendi ya Newala, alikubali kila kitu upesi mno: kuamka alfajiri, kuchota maji, kupika wali na maharage ya watu sitini. Pili alikuwa amefika kutoka Kondoa, akaanza kwa kuuza ndoo mbili za uji, na kibanda alikipata kwa kubishana. Hakumwamini mtu asiyebishana. Akangoja. Sharti likaja mwisho.

"Ila chumvi, Mama Hajira, utatia wewe."

"Kwani mikono yako ina nini?"

"Mimba zangu tatu zimeharibika. Kwetu mwanamke wa hivyo hatii chumvi kwenye chakula cha watu. Wakila, wataumwa."

"Basi nitakulipa pungufu, maana kazi moja umenirudishia mimi."

Dina akacheka. Wakavutana mpaka wakaelewana.

Alipika kuliko wote waliomtangulia. Mwanawe Gasper, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, alikuwa ameanza shule. Baada yake zilikuja hizo tatu, zote zikatoka kabla ya mwezi wa tano. Mjomba Ambrosi, ambaye kwa desturi yao ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, kila mara alipanda basi kutoka Mnyambe kuja kuuliza nani alitia chumvi kwenye chakula cha Dina, maana kwao chumvi ya mkono usiofaa huharibu mimba. Miaka minne nyumba nzima ililinda chungu, na hakuna aliyefikiria kuchunguza mfuko wa uzazi.

Pili ndiye aliyempeleka hospitali, Masasi, wala hakusukumwa na huruma. Mpishi ambaye atalala kitandani wiki tatu kila mimba ikitoka ni hasara. Wakampima, wakamtia dawa, wakampiga picha. Daktari akachora kwenye karatasi: mfuko una ukuta katikati, Dina kazaliwa nao.

Njiani Pili alikuwa amemfundisha kuuliza. "Usimuulize kama tiba itafaa. Muulize wangapi ilishindikana."

Dina aliuliza hivyo hivyo. Daktari akaweka kalamu chini. Wapo wanaobeba na ukuta huo wakazaa salama, akasema, na wapo waliokatwa wakapoteza tena. Mfuko unaweza kutoboka, kovu linaweza kubaki. Lakini kwa aliyepoteza tatu, yeye angeshauri ukatwe kabla ya kubeba nyingine, kwa kifaa chembamba kinachopitia chini, bila kupasua tumbo. Wanaofanya hivyo wako Dar. "Ahadi sina," akamaliza.

Optatus, mumewe, alitaka wajaribu tena kwanza. "Gasper alipita," alisema. "Ukuta ulikuwepo, na akapita."

Haikuwa hoja ya kijinga, ndiyo maana ilimkosesha Dina raha wiki tatu. Angeweza kupata mtoto bila kukatwa. Angeweza pia kukatwa, akaharibu hata nafasi ile iliyompa Gasper.

Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia, na wapakizi wa maghala wangejaa kibandani. Pili akamwambia asubiri hadi Januari.

Dina akaacha mwiko sufuriani. "Hayo ni maneno ya mama, au ya mwenye kibanda?"

"Ya mwenye kibanda."

"Na ya mama?"

Pili akafuta meza iliyokuwa safi. "Nenda kabla hujabeba. Ila nafasi yako siiweki."

"Sijakuomba uiweke."

Jioni hiyo Dina alimwambia mumewe, "Aliyepita ni mmoja, Baba Gasper. Waliokwama ni watatu." Optatus akaanza kuhesabu nauli ya Dar. Mjomba Ambrosi alisikiliza yote, akauliza mara mbili kama kweli Dina alizaliwa nao ukuta huo. "Basi ni mambo ya upande wetu," akasema, na akamsindikiza Dar yeye mwenyewe.

Ukuta ulikatwa Oktoba. Loveness, aliyeshika sufuria za Pili mahali pa Dina, aliunguza wali mpaka nusu ya wapakizi wakahamia kibanda cha jirani. Desemba Dina akaja, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Umebeba?"

"Bado. Picha ya pili imeonyesha pako wazi. Siku ya kuanza kujaribu nitaisema mimi, na Optatus anajua."

"Rudi kazini. Maji atachota Loveness."

"Na kuni? Na moshi kutwa? Hapana, Mama Hajira. Nikibeba hii nataka kukaa nayo."

Pili akaongeza mshahara, akaongeza siku ya mapumziko, kisha akampakulia wali. Alikuwa amempoteza mpishi wake moja kwa moja. Dina hakuwa na kazi, wala mimba hakuwa nayo. Alikula wali ulioungua bila kulalamika, akamuuliza Pili basi la Masasi linaondoka saa ngapi, maana daktari alitaka kumwona kesho yake, kabla hajaanza kujaribu.