Meseji Iliyosubiri Netiweki

Wauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kisumu Ndogo wanatumia tovuti ya meseji niliyowatengenezea, na mwenyekiti wao, Mama Atieno, haishi kunisumbua. Netiweki ikipotea, anataka meseji isubiri halafu ijitume ikirudi. Mikono ikiwa na omena, simu imsomee kwa sauti. Hizo nikarekebisha. Ya mtu kuweza kufuta meseji aliyokwisha kutuma nikaipuuza.

Kujaribu kama meseji itasubiri, nilizima data, nikaandika kwenye grupu lao: “Huyu mathe anasumbua kuliko nzi wa omena zake.” Nikacheka peke yangu, nikasahau.

Nikaenda kibandani kwake kumwonyesha kazi. Wateja walijaa. Nikawasha data. Simu yake ikaanza kusoma, jina langu kwanza. Nilikohoa kwa nguvu, haikusaidia.

Mama Atieno akapangusa mikono polepole.

“Sasa umeona kwa nini nilikuwa nataka ya kufuta?”