Nilidhani ni Wadudu wa Ziwani

Wenzangu, anayetaka kuniuliza swali akae upande wangu wa kushoto. Upande wa kulia sioni, na kosa ni langu mwenyewe.

Mimi ni Mama Kabula. Miaka mingi nimeanika dagaa hapa Kirumba, kwenye mwalo ambapo mitumbwi inashusha samaki, na macho yangu yalikuwa makali. Kijiwe ndani ya fungu la dagaa nilikiona kabla mteja hajakiona. Na mdomo pia ulikuwa mkali, hilo mnalijua.

Siku moja jicho la kulia likaanza kuona vidoa vyeusi vinaelea. Nikasema ni wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi wakajaa hadi kwenye chai. Nikapunga kanga. Jioni nikarudi nyumbani Buswelu, bado napunga. Binti yangu Kabula akaniangalia.

"Mama, unafukuza nini?"

"Wadudu hawa, huwaoni?"

"Humu ndani hakuna mdudu hata mmoja. Twende hospitali."

Nikamjia juu. "Mimi nimezaliwa ziwani, wewe utanifundisha wadudu?"

Kesho yake ukaja mwanga, kama radi pembeni ya jicho. Hapo niliogopa, nasema kweli. Lakini ilikuwa giza, na mnajua giza kwetu ni nini: mwezi haupo, mitumbwi inarudi imejaa dagaa, hakuna anayetoka mwaloni. Nikamwambia Kabula nitakwenda mbalamwezi, dagaa wakiadimika. Jamani! Jicho halijui mbalamwezi.

Siku ya tisa kivuli kikapanda kutoka chini, kikafunika nusu ya jicho. Hakikuuma hata kidogo, na hicho ndicho kilichonidanganya. Hospitalini daktari, kijana mpole, alinipima.

"Mama, utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea picha, umebanduka. Dalili zilianza lini?"

Nikamwambia. Akaagiza nipasuliwe upesi.

Wakanipasua, wakaweka mafuta ndani ya jicho ili yaushikilie utando. Nikalala kifudifudi siku nyingi kama walivyoagiza, shingo inawaka, mate yanachuruzika kwenye mto, Kabula ananinywesha uji kwa mrija. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenisema!

Jicho likaanza kuona. Nilihesabu vidole vya Kabula, vitano, nikapiga vigelegele palepale kliniki. Lakini baada ya wiki kadhaa nikaona fremu ya mlango imepinda. Daktari akanieleza kwamba makovu yameota juu ya utando, yanajikunja na kuuvuta ubanduke tena.

"Makovu haya yanaweza kumpata yeyote," alisema, "ila ukichelewa unayapa nafasi."

Wakanipasua mara ya pili kuyaondoa. Yakarudi. Leo jicho hilo linajua mchana na usiku, basi.

Mwaka uliofuata, giza limekolea, nimeinama juu ya dagaa wabichi, vidoa vikaja jicho la kushoto. Nikamwita Kabula, alikuwa ananisaidia kugeuza.

"Kabula, wadudu wapo?"

Akaangalia juu, akaangalia ziwani. "Hawapo, mama."

Nikaacha dagaa wote mchangani. Mchana huohuo daktari akakuta tundu dogo, utando bado haujabanduka, akalizungushia mionzi ya leza ili usibanduke. Nyuma yetu mvua ilinyesha, dagaa wakaoza. Waoze!

Namshukuru Mungu kwa jicho hili moja, namshukuru daktari, namshukuru mwanangu. Majuto ni mjukuu, na wangu nalala naye kila siku. Nyie msimsubiri. Ukiona vidoa, ukiona radi, muulize aliye karibu nawe kama wadudu wapo. Akisema hawapo, usimjibu kama nilivyomjibu mwanangu. Funga kanga yako, uende.