Kichwa cha Treni Kilichokosa Honi

Bibi yangu, Noreen Haddrick, hajawahi kuendesha treni hata siku moja. Lakini mletee kichwa kidogo cha treni, kile cha watu wazima kuchezea, kinachoenea kwenye kiganja, ambacho kimekaa ndani ya boksi lake miaka na miaka. Atakinusa na kukwambia kilikuwa kinalala wapi: kwenye kabati la nguo, darini, au chini ya kitanda cha mtu anayevuta sigara. Huwa hakosei sana.

Mji wetu ni Peterborough, huku Australia Kusini, na zamani ulikuwa mji wa reli tupu. Baba yake Bibi alikuwa anaosha vichwa vya treni vile vikubwa, vya mvuke. Bibi mwenyewe alipoacha shule aliwekwa stesheni kuuza chai na pai za nyama. Anasema treni ikisimama abiria walikuwa wanamwagika wote kwa pamoja, kila mmoja amenyoosha mkono, na pai ilikuwa ya moto kiasi kwamba mtu anaila anapiga kelele. Kijana mmoja wa karakana alikuwa anakuja kununua pai kila siku na hazili. Mbwa wa stesheni akanenepa. Kijana huyo alikuwa Ross, na ndiye aliyekuja kuwa babu yangu.

Karakana ilipofungwa Ross alibaki na mikono isiyo na kazi. Akahamia kwenye banda la nyuma ya nyumba, akaagiza mota ndogo kutoka Japani, akaanza kutengeneza vichwa vidogo vya shaba, mfano wa vile alivyokuwa anavikarabati vikubwa. Watu wa reli waliokuwa wamestaafu wakavitaka. Yeye alitengeneza, Bibi akapakia. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alitandaza kitambaa mezani jikoni na kuweka sahani nyeupe. Juu ya sahani alipanga vile vitu vidogo ambavyo vingevunjika njiani, vya mwenye kichwa kuvipachika mwenyewe nyumbani: honi, kengele, taa, ngazi mbili. Alivitaja kimoja kimoja kwa sauti, akavitia kwenye mfuko mdogo, akaubana kwa stepla na kuuweka chini ya sponji ndani ya boksi. Halafu Ross alifunga boksi kwa lebo ya karatasi yenye sahihi yake na maneno ya waranti. Yalikuwa machache: tutatengeneza maadamu kuna mtu bandani.

Ross alifariki nikiwa mdogo. Tangu hapo mtu wa bandani ni Bibi.

Vichwa bado vinaletwa, kwa sababu watu hawa wana tabia moja. Wananunua halafu hawafungui. Mmoja anasubiri kustaafu, mwingine anasubiri watoto wahame apate chumba. Wengi wanasubiri reli yao ya mezani ikamilike kwanza, na milima yake na miti yake, na reli ya mezani haikamiliki kamwe. Basi boksi linakaa. Na kichwa kidogo hakipendi kukaa. Grisi inaganda kama tofi, gia za plastiki zinapasuka zenyewe, sponji inaoza na kung'ang'ania rangi. Siku mtu akifungua anapiga simu akiwa amekasirika.

"Mama, sijawahi hata kukigusa! Kwa nini hakiendi?"

"Ndiyo maana hakiendi," Bibi anamjibu.

Na anayelalamika kwamba vifaa vimepungua anaulizwa swali moja tu: "Umeinua sponji?" Boksi linakwaruzwa. Halafu unasikia, "Ah." Bibi anaweka simu chini na kurudi kwenye chai yake.

Ndiyo sababu jambo la Vern Noske lilimwingia vibaya.

Vern anakaa mtaa wa nyuma yetu. Alianza kazi kama mchochea moto kwenye treni za mvuke za kwenda Broken Hill, baadaye akawa dereva wa dizeli, na Ross alikuwa kama ndugu yake. Kichwa alichonunua kwa Ross ni mfano wa kile kile alichoanzia kazi. Hakukifungua, alikuwa anajenga reli yake ya mezani kwenye chumba cha mwisho. Majira ya baridi yaliyopita mkewe, Elma, alifariki. Mwezi wa tisa Vern akaja kwetu amebeba boksi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba keki.

"Noreen, sina honi."

"Unalo koo, piga kelele."

"Sina utani leo, shemeji. Nimechoka kusubiri milima, nikasema nikifungue tu. Honi haipo, kengele haipo. Mfuko wote haupo."

"Umeinua sponji?"

"Nimeendesha treni maisha yangu yote, nitashindwa kuinua sponji?"

"Wapo walioshindwa."

"Lebo ya Ross nimeikata mwenyewe leo asubuhi, kwa kisu cha mkate. Hili boksi halijafunguliwa tangu siku uliponikabidhi hapa hapa jikoni."

"Basi mfuko umo."

"Basi haumo!"

Bibi aliinua sponji. Haukuwemo. Akalipindua boksi, akalipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Zilianguka punje za sponji tu.

Vern akashusha sauti. "Kila mtu hukosea, Noreen. Mlikuwa na kazi nyingi siku zile." Angegomba ingekuwa afadhali. Huruma ile ndiyo iliyomchoma Bibi. Alisema, "Kiache hapa," akafungua mlango kabla Vern hajavaa kofia.

Jumamosi tulikwenda baa ya kona kama kawaida, kwa ajili ya bahati nasibu ya nyama. Unanunua tiketi, namba yako ikitajwa unapewa sinia la soseji na mbavu za kondoo. Vern alikuwa amekwisha kusimulia pale habari ya mfuko. Clarrie, mwenye baa, alikuwa anagawa tiketi. Alipofika kwetu akapaza sauti.

"Noreen, hesabu tiketi zako vizuri! Au mimi nikupakie pungufu, uone Vern anavyojisikia?"

Watu wakacheka. Mwingine kutoka kule mwisho akasema, "Muulize ngazi alipeleka wapi, kuku wangu wanahitaji!" Bibi naye alicheka. Lakini hakungoja namba zitajwe. Tuliondoka glasi yake ikiwa nusu, na alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye geti.

"Ross aliweka sahihi yake kwenye yale maboksi," alisema. "Mimi niliweka mkono wangu. Sikupata sehemu nyingine ya kuweka jina."

Kwenye droo za bandani bado zimo honi na kengele chache za wakati ule. Angempa Vern zake siku ile ile na yaishe. Hakutaka. Kumpa bila neno kungekuwa kukubali. Kichwa kikakaa mezani siku kadhaa, kimefunikwa taulo la vyombo.

Mwishowe alikigeuza matumbo juu, akachukua bisibisi ndogo na kufungua bamba la chini, kwa kuwa waranti ni kukagua kote. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti karibu na mlango. Nilimwona anasimamisha mkono.

"Hebu njoo unuse hapa."

Nilinusa. Haikuwa harufu ya grisi ya Ross, ile nzito. Ilikuwa nyepesi, naijua, lakini sikuipatia jina.

"Mafuta ya cherehani," Bibi akasema.

Akageuza magurudumu kwa kidole. Yalizunguka bila kukwama. Vichwa vyote vya mwaka ule gia zimepasuka, hizi zilikuwa nzima. Halafu akavuta taa karibu. Magurudumu mapya yanatoka na rangi nyeusi; haya rangi imekwisha, chuma kinang'aa.

"Hiki kimetembea," alisema polepole. "Tena si mchezo, kimetembea sana."

Nyuma ya gurudumu la mwisho, kwenye ekseli, kulikuwa na kitu kimejizungusha. Akachukua kibanio na kuvuta. Ukatoka uzi. Akavuta tena, ukaendelea kuja, mrefu, bluu iliyokolea.

Hakuna mtu wa Peterborough asiyeijua bluu ile. Ni ya sketi za wasichana wetu wa netiboli. Mama yangu alivaa hiyo, na picha yake iko kwenye ukumbi wa mji. Na sketi zote, mwaka baada ya mwaka, zilishonwa na Elma Noske.

Bibi alikwenda jikoni akarudi na sahani nyeupe. Akauweka uzi juu yake, akakaa.

"Elma alikuwa ananiambia treni zimemmeza mume wake," alisema. "Kubwa zikimrudisha, ndogo zinamchukua. Kila nikimwambia njoo bandani uone, alikuwa anajibu ana mishono."

"Utamwambia Vern?"

"Nikimwambia, mimi nimetoka safi." Alisukuma uzi kwa ncha ya kibanio. "Na yeye anaambiwa mkewe alimfungulia boksi lake, na Elma hayupo wa kuulizwa. Amebakiwa na nini yule? Kichwa hiki na mwanamke aliyezikwa."

Alifungua droo ya honi. Akaitoa moja, akaiweka kiganjani, akaitazama muda mrefu. Niliamini kabisa kwamba atampa na kujitwisha kosa. Halafu akairudisha, akafunga droo kwa paja.

Kesho yake asubuhi alimpigia simu Vern. Alikuja amevaa kofia nzuri, akaiweka magotini. Bibi alimsogezea sahani.

Vern aliangalia. "Uzi."

"Ulikuwa kwenye ekseli yako ya nyuma. Na ndani kuna mafuta ya cherehani."

Vern aliushika uzi kwa vidole vile vinene, akaunyoosha, akausogeza dirishani penye mwanga.

"Lebo ilikuwa nzima," alisema.

"Lebo ya karatasi, Vern. Ukiishikilia juu ya birika linalochemka inabanduka yenyewe. Ukimaliza unairudisha."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kicheko.

"Mvuke ulikwisha kwenye reli yote," alisema, "kumbe nyumbani kwangu bado upo!"

"Alikuwa anakiendeshea wapi?"

"Mezani kwake pa kushonea. Wapi pengine? Niliwahi kukosa reli kwenye pakiti, za kona, za kutosha duara. Nikasema Ross amenipunja."

"Na hilo nalo ulisema baa?"

"Nilisema." Akafuta macho kwa ukingo wa kofia. "Nilikuwa nikirudi asubuhi kutoka Broken Hill namkuta amechangamka, nywele hazijachanwa. Namuuliza ulikuwa unafanya nini? Anasema nilikuwa nashona." Akaizungusha kofia. "Kwa nini hakuniambia, Noreen?"

"Angekuambia, ungemjibuje?"

Vern alifikiri kwa uaminifu kabisa. Ulimwona anafikiri.

"Ningemwambia reli haijakamilika."

Bibi akamwongezea chai.

Mchana Vern alirudi anahema, ngumi imefumbwa. Alikuwa amemwaga kopo la vifungo la Elma juu ya kitanda na kupekua kifungo kimoja kimoja. Akafumbua mkono: kengele ile ndogo ya shaba, ngazi mbili na taa.

"Honi sijui ameishonea wapi," alisema. "Kuna msichana mmoja mahali fulani anapiga honi akitembea."

Bibi akafungua droo, akatoa honi, akaiweka pamoja na vile vingine kwenye sahani.

"Hapana, hiyo nitainunua. Kosa si lako."

"Lebo inasema maadamu kuna mtu bandani. Mimi ni nani, paka?"

Alipachika vyote mwenyewe, Vern akimpumulia shingoni mpaka akafukuzwa. Walikiweka kwenye reli ya majaribio ya Ross, inayozunguka banda lote ukutani. Kilikwenda taratibu, bila kushtuka, kikapita nyuma ya makopo ya rangi na kutokea upande wa pili. Vern alikifuata kwa miguu mzunguko mzima.

"Amekitunza kuliko ambavyo ungekitunza wewe," Bibi alimwambia.

"Najua."

Wakati wa kufunga boksi Bibi aliuzungusha ule uzi kidoleni, akautia kwenye mfuko mdogo, akaubana kwa stepla. Akauweka chini ya sponji mpya. Vern alitazama kila hatua.

"Umeona nimeweka?"

"Nimeona."

"Usije tena hapa kusema haumo."

Jumamosi Bibi alisema hataki kwenda baa, ana baridi ya magoti. Nilikwishavaa viatu, na Vern alikuwa getini akimwita, basi Bibi akavaa koti, tukaenda wote watatu. Clarrie alipoanza kuzungusha lile pipa la tiketi Vern alisimama, akagonga meza kwa glasi. Vern si mtu wa kusema mbele za watu, masikio yalikuwa mekundu.

"Nilisema jambo hapa juu ya Noreen Haddrick. Nalirudisha. Mfuko ulipakiwa, umekamilika. Mwizi alikuwa mke wangu."

Clarrie akaliachia pipa, akasema, "Elma?"

"Miaka yote ile. Mimi niko njiani na dizeli ya watu, yeye yuko nyumbani anaendesha treni yangu."

Kicheko kilichotokea hapo sijawahi kukisikia pale baa. Mama mmoja aliyewahi kucheza netiboli alicheka mpaka akashikilia ukuta, akasema, "Ndiyo maana sketi yangu ilichelewa!" Clarrie akaja mpaka mezani kwetu na glasi mpya, akaiweka mbele ya Bibi, akaifuta meza ambayo haikuwa imelowa.

"Noreen, ile ya kuhesabu tiketi..."

"Taja namba, Clarrie. Watu wanangoja nyama."

Hatukushinda kitu, hata soseji. Bibi alikaa mpaka tiketi ya mwisho.