Siku Babu Alipopeleka Masale kwa Meneja

Harufu inayonirudisha kijijini Kilema si ya kahawa, kama wengi wanavyodhani nikiwatajia nilikozaliwa. Ni ya maji yanapoingia kwenye udongo mkavu. Hapa Njoro, mjini, maji ya mgao yakirudi baada ya siku mbili tatu, nafungulia bomba la uani na kuyaacha yamwagike kidogo kwenye shina la mgomba wangu mmoja. Udongo hunywa kwa sauti, kama mzee anayekunywa uji wa moto, kisha harufu hupanda. Majirani wanadhani nimetulia. Mimi huwa nimekasirika, na leo nitawaeleza kwa nini, kwa mpangilio.

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilikuwa cha juu kabisa kijijini, kando ya mto. Hatua chache chini yetu ndipo mfereji wa kijiji ulipochepuka kutoka mtoni. Ulichimbwa na babu wa babu yangu na wenzake, ukazungushwa kwenye ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, hata ukiutazama kwa mbali ungeapa kwamba maji yanapanda. Hawakuwa na kipimo chochote. Walichimba kidogo, wakaruhusu maji, wakayafuata. Babu ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Alijua zamu ya kila nyumba, na aliziba na kuzibua njia za maji kwa vipande vya mgomba na udongo. Kwa mila, mwanamke hakugusa kinywa cha mfereji. Bibi alizoea kusema, "Wanaume wana mfereji, sisi tuna ndoo. Tutaona nani atachoka kwanza."

Chini ya kijiji kulikuwa na shamba kubwa la kahawa. Lilianzishwa na mlowezi, likawa la serikali baada ya uhuru, na miaka ya tisini, soko huria lilipofika, likapewa mwekezaji kutoka ng'ambo. Sisi watoto tulishangilia kwa sababu lilikuja na trekta jipya jekundu. Kiangazi cha pili, meneja wa shamba alijenga ukuta wa zege kwenye kinywa cha mfereji wetu, akaweka lango la chuma na kufuli. Alikuwa na karatasi ya enzi za Mwingereza, kwamba maji yale ni ya shamba. Sisi hatukuwa na karatasi. Tulikuwa na mfereji tu.

Wiki ya tatu majani ya migomba yalianza kujikunja. Wiki ya nne ng'ombe wa Bibi alitoa maziwa ya kujaza kikombe kimoja. Nilikuwa na miaka kumi, na nilielewa hesabu ile bila kufundishwa: migomba ikifa, hatuli.

Ndipo Babu alipokata jani la masale. Masale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, huruhusiwi kumkatalia. Ukikataa, kosa linahamia kwako. Macho ya Babu yalikuwa yamefifia, hivyo nilikwenda naye kumwongoza njia. Alinipa jani nilibebe kwa mikono miwili. Nililibeba kama padri anavyobeba sakramenti, nikijiona mtu muhimu.

Kwenye uwanja wa shamba alitupokea nyapara, Dismas. Alikuwa mtoto wa kijiji chetu, na Bibi ndiye aliyemsimamia ubatizo. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Analalamika maji tu," akasema, kisha akanyamaza, kwani alisikia alichokisema.

Meneja alitoka ofisini na buti zenye matope. Alikuwa na Kiswahili cha kuamrisha, kinachotosha kwa vibarua. Babu akanisukuma taratibu begani, nami nikampa jani. Akalipokea na kusema asante, sitamnyima haki yake hapo. Akaligeuza akiangalia huku na huku, kama mtu aliyepewa kijiko asione chakula.

"Mzee anataka nini?" akamuuliza Dismas.

Dismas alilitazama jani. Alimtazama Babu.

"Anataka maji," akasema.

"Maji yana karatasi. Aende ofisi ya maji, aombe kibali." Na huku akisema hivyo aliweka mguu kwenye ngazi, akalikunja lile jani mara mbili, akaanza kukwangua matope kwenye buti. Hakuwa na ubaya usoni. Yeye alikuwa ameona jani tu. Alipomaliza buti ya kulia akafanya na ya kushoto, akalitupa.

Dismas aliliangalia pale lilipoangukia.

Njiani nililia kwa hasira. Nilimkasirikia Babu. Nyumbani Bibi alikuwa anamkatia ng'ombe mgomba, na kabla hajauliza nilikuwa nimeshamwaga yote, pamoja na buti.

Bibi aliweka panga chini, akamgeukia Babu. "Baba Aloisi, masale hupelekwa na aliyekosa. Wewe umemkosea nini yule mtu? Umemchimbia mto?"

"Nilitaka pawe na amani."

"Babu yako naye alipeleka masale na mbuzi kwa Wajerumani. Si ndivyo mnavyotusimulia? Yule mbuzi walimwelewa vizuri, wakamla. Jani ndilo lililowashinda."

Asubuhi yake Bibi alitungua ukutani pembe ya kuwaitia watu kazi ya mfereji, kitu ambacho mwanamke hakuwahi kukipuliza, akapuliza. Ilitoka sauti ya ndama mwenye kuhara. Wanawake walikuja wakicheka, na majembe begani. Mpango wake ulikuwa rahisi: kama kinywa kimefungwa, tuchukue maji juu ya kufuli, tuyapitishe ndani ya kihamba chetu, yaungane na mfereji chini ya ukuta. Katikati ya njia ile kulikuwa na miti kumi na mmoja ya kahawa. Kung'oa kahawa wazee walikatazwa tangu wakati wa mkoloni, na marufuku ile ilikuwa imewaingia mwilini kama baridi yabisi. Bibi aling'oa wa kwanza mwenyewe.

Adhuhuri Dismas alifika na walinzi wawili.

"Mama, mnavunja sheria."

"Nilikushika mimi kichwa ukibatizwa, Dismas. Siku ile maji yalitoka mfereji huu huu, na hukuyauliza karatasi."

"Mimi naagizwa tu, Mama."

"Najua. Tangu lini umeacha kuagizwa na mama yako?"

Wanawake walicheka, na Dismas akaondoka. Jioni walikuja polisi, wakamchukua Bibi na wenzake wawili. Walilala mahabusu siku mbili. Siku hizo mbili Babu, asiyeona vizuri, alimalizia kuchimba kwa kupapasa, akiongozwa na miguu yake iliyokuwa majini. Bibi aliporudi migomba ilikuwa inakunywa. Baadaye, baada ya vikao vingi, shamba lilituachia nusu ya maji na kuiita ruhusa. Fikirini neno hilo. Unarudishiwa nusu ya kilicho chako, na unatakiwa kushukuru.

Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Nikiwa mtu mzima nilipata kuisoma nakala ya ile karatasi. Aliyeiandika alieleza kwamba maji yale hayakuwa yakitumiwa na mtu. Aliandika hivyo wakati mfereji wetu ukipita juu ya shamba lile, watu wakichota asubuhi na jioni. Ofisa wa maji wa wakati wangu naye aliisoma, akaamini karatasi kuliko mfereji. Yeye hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mchagga kama sisi, wa upande wa Machame, na kwao pia kuna mifereji.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama ya Bibi shujaa na Babu mwoga. Mwaka wa mwisho wa Babu nilimuuliza kwa ukali, maana bado niliona aibu: kama alijua meneja hataelewa, kwa nini alipeleka lile jani? Na kwa nini hakumvuta Dismas pembeni akamwambia kwa Kichagga kwamba anawakausha mama zake?

Babu alinigeuzia macho yake meupe, akashangaa kwamba naweza kusoma vitabu vyote vile na hili nisilijue.

"Nilimwambia, Manka," akasema. "Jani lilikuwa la Dismas. Pale uwanjani nani mwingine angeweza kulisoma?"