Majina Saba Ndani ya Sufuria ya Munkoyo

Kwa miaka tisa mama mkwe wangu aliongea na mimi kupitia ukuta. Si kwamba tuligombana. Kwao, upande wa Dilolo, mwanamume na mama wa mkewe hawaketi chumba kimoja, hawapeani mkono wala hawatazamani usoni, na heshima hiyo alikuja nayo alipofiwa na mumewe akahamia chumba chetu cha nyuma, hapa Kolwezi. Akitaka kuniambia jambo alimtuma mke wangu. Mke wangu asipokuwepo, aliuambia ukuta kwamba bomba la maji limepasuka, nami niliyekuwa sebuleni nikachukua vyombo vyangu na kwenda kulitengeneza bila kujibu neno. Wazazi wangu, watu wa asili ya Kasai ambao babu zao waliletwa huku kuchimba shaba, walicheka sana waliposikia. Mimi nilizoea. Kuna wanaume wanaosemwa na mama wakwe zao uso kwa uso, na sioni kama wananizidi raha.

Sebule yetu ina dirisha linalotazama uani, na ni kwa dirisha hilo nilijifunza habari za munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa. Kwetu tulijua bia ya chupa tu, na hiyo kwa kujificha, maana mama yangu ni mtu wa kanisa. Mama mkwe alipika munkoyo kila wiki kwa ajili ya Jumapili: uji wa mahindi uliochemka asubuhi nzima katika sufuria kubwa ya alumini, kisha mizizi iliyotwangwa, inayoletwa sokoni kwa mafungu kutoka upande wa Kasaji. Mizizi ikiingia vizuri, uji mzito unalegea wenyewe na kuwa maji. Mimi hufanya kazi katika maabara ya mgodi na kutwa napima joto la maji ya tindikali, lakini mara ya kwanza kuona uji ule ukiyeyuka nilisahau hata chai yangu.

Nilielewa upesi kwamba kazi yote ni ya joto. Uji ukishalegea huchujwa na kuachwa uchachuke, na hapo mama hana mapumziko. Mwezi wa saba, baridi ya huku juu ikiuma, munkoyo hulala tu na kubaki maji matamu yasiyo na maana, kwa hiyo anaifunika blanketi mbili na koti langu la kazi, lile nene, kisha anaisogeza karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Nimewahi kwenda kazini nikitetemeka wiki nzima kwa sababu koti langu lilikuwa limevaliwa na sufuria. Mwezi wa kumi mambo yanageuka. Joto likizidi inachacha mbio hadi inakuwa siki, basi inahamia sakafu ya bafuni, imezungushiwa gunia lililoloweshwa, na sisi tunaoga pembeni yake kwa adabu.

Lakini kipimo kikubwa kilikuwa kile cha mizizi. Uji ukiwa wa moto mno, mizizi inakufa na uji unabaki uji. Ukipoa mno, unalegea nusu tu. Mama alipima kwa mkono. Aliingiza vidole vya mkono wa kulia ndani ya uji na kuanza kutaja majina ya watoto wake saba, polepole, kwa mpangilio wa kuzaliwa, akianza na wawili waliokufa. Kama moto ulimlazimisha kutoa mkono kabla ya jina la saba, alingoja. Akifika la saba, ambaye ni mke wangu, mizizi iliingia. Majina niliambiwa na mke wangu. Kutoka dirishani nilikuwa naona midomo tu.

Mwaka huu, baridi ilipoanza, sufuria moja ilikataa. Uji ulikaa siku nzima umeganda kama bukari, yaani ugali. Mama alimlaumu muuza mizizi. Alinunua mizizi kwa mwingine, na sufuria ya pili nayo ikakataa, ikaishia kwa nguruwe wa jirani. Ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho ulikuwa umekaribia, na hakuna mjukuu wa mama aliyewahi kubatizwa bila munkoyo wake. Alimwambia binti yake kwamba ya tatu ikikataa ataiuza sufuria, maana mikono yake haina tena kazi duniani. Mke wangu alinisimulia hayo akilia, na nikiri kwamba mimi pia nilihuzunika, kuliko nilivyodhani ningeweza kuhuzunika kwa ajili ya mtu anayeongea na ukuta.

Nikafanya kile ambacho mtu wa maabara angefanya. Nilileta kipimajoto kizuri, cha kioo, nikampa mke wangu ampelekee. Jibu lilirudi haraka.

"Mwambie tata, nzungu yangu haina na malaria."

Nzungu ni sufuria, na tata ni mimi. Nilikasirika, nikakitupa kipimajoto kabatini. Nikaketi dirishani nimenuna, na ndiyo sababu nilikuwa nikitazama wakati wa sufuria ya tatu. Mama aliiteremsha motoni. Uji ulikuwa bado unarusha mapovu, yale mazito yanayopasuka taratibu. Aliingiza vidole humo humo, akataja majina yote saba bila haraka, uso wake umetulia, kisha akautoa mkono na kuufuta kwenye kitenge. Akaweka mizizi. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Hata kutoka pale niliona ngozi ilivyokuwa nyekundu, na jioni, uji ukiwa haujalegea, alipokuwa akianua nguo, niliona malengelenge. Yeye aliyatazama kama vitu vya mtu mwingine.

Nilimwambia mke wangu. Hakunishukuru. Aliniuliza tangu lini namchunguza mama yake, akasema wapishi wote huungua, na kwamba mama mwenyewe amesema uji ulikuwa wa vuguvugu tu. Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli. Vidole vile vingeweza kuoza bila kumwambia mwenyewe.

Sikuwa na ruhusa ya kumsogelea. Kumwambia mtu mzima kwamba mwili wake unamdanganya ni jambo la mwanawe, na mwanawe alikataa kusikia. Nilizunguka sebule mara nyingi. Mwisho nikatumia njia yake mwenyewe. Nilisimama karibu na ukuta wa chumba cha nyuma, nikijua yuko upande wa pili anapeta mahindi, nikasema:

"Ukuta, mu hii nyumba iko mukono moja inaungua na haimwambie mwenyewe. Mizizi haina na kosa."

Ungo ulinyamaza. Nikarudi sebuleni.

Kesho yake mama alimwomba binti yake ampeleke hospitali. Walimkuta na sukari, tena ya siku nyingi, iliyokwisha kula hisia za vidole. Alirudi na bandeji na dawa, akaosha sufuria, akaigeuza kichwa chini juu ya banda la kuku. Kwa siku nyingi hakusema na ukuta hata habari ya maji. Nilijiona mkosaji. Nilikuwa nimeokoa mkono, ndiyo, lakini sufuria ile iliyogeuzwa niliipita kila asubuhi nikienda kazini, na kila asubuhi niliona haya. Mke wangu aliagiza makreti ya soda na bia kwa ajili ya ubatizo. Mama alisema ni vizuri, na hakuna aliyemwamini.

Siku tatu kabla ya ubatizo nilikuwa mapumzikoni. Nilikuwa sebuleni niliposikia harufu ya uji wa mahindi. Nilichungulia. Sufuria ilikuwa chini, pembeni ya mbabula, na mizizi iliyotwangwa ilikuwa tayari katika beseni. Mama alikuwa amesimama, mkono wenye bandeji kifuani, na alikuwa ananitazama. Usoni.

"Tata, kuya huku."

Nilidhani anamwita mwingine. Mke wangu alikuwa sokoni na uani hapakuwa na mtu. Nilitoka, macho chini, nikasimama mbali kama inavyopasa.

"Karibu na nzungu," alisema. "Hii mukono yangu ilikufa. Leta yako."

Nilinawa, nikachuchumaa ng'ambo ya sufuria. Yeye alianza majina nami nikafuata. Mara ya kwanza sikumaliza jina la kwanza, la mtoto aliyezikwa Dilolo kabla hajajua kutembea. Nilitoa mkono nikiupuliza, naye akangoja. Mara ya pili niliishia la pili, ambaye pia hayupo. Majina hayo hayakuwa yakitajwa kwa sauti nyumbani mwetu, na sasa nilikuwa nayarudia pamoja na mama yao, tena na tena, kila uji ulipopoa kidogo. Yeye hakutazama uji. Alitazama uso wangu, kama mimi nitazamavyo mshale wa mashine kazini.

Hatimaye nilifika la saba, la mke wangu, mkono ukiwa bado ndani.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma kidogo, mama."

"Usitoshe mukono, acha ndani. Ongeza jina ya munane."

"Ya nani?"

"Yako."

Nililitaja jina langu. Mama akamimina mizizi kwa mkono wa kushoto, na uji ukaanza kulegea mbele yetu.

Siku ya ubatizo soda nyingi zilibaki kwenye makreti, na mimi nilikwenda kanisani bila koti, maana sufuria ilikuwa bado imelivaa. Kwa mambo mengine mama bado anaongea na ukuta. Jana tu ameuambia kwamba mlango wa kuku umelegea. Kwa munkoyo ananiita mwenyewe. Kipimajoto kiko kabatini, na siku hizi majina ni manane.