Kovu Ambalo Taratibu Hajaliona

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Benchi la mbao nje ya chumba cha kufungia vidonda limeshajaa, na waliokosa nafasi wameegemea ukuta. Ndani, fundi mwashi aliyepasuliwa ngiri wiki iliyopita amelala chali, macho ameyakaza darini. Shashi imegandia kwenye mshono.

"Vuta mara moja tu, dokta, yaishe," anasema.

"Mimi si dokta, na hii haivutwi," anamjibu mwanamume mwenye aproni ya plastiki, huku akimimina maji ya chumvi juu ya shashi. "Chini ya hapa pana ngozi changa. Wiki nzima inajiotea bila kumsumbua mtu. Nikivuta naondoka nayo. Kwani wewe ukuta wako ukiwa mbichi unauegemea?"

Fundi anacheka, kisha anakijutia kicheko chake, maana mshono umemvuta. Dakika tano zinapita. Shashi inalegea, inabanduka bila tone la damu.

Wagonjwa wanamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno linalomtoka kila anapogusa plasta. Ana miaka hamsini na minne. Ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki chenye dirisha moja, kitanda cha chuma na toroli ambalo gurudumu lake moja hulia. Aliingia hospitalini kama mfagizi. Sista mmoja, marehemu sasa, aliona jinsi anavyokunja mashuka, akasema mikono ya namna ile isiishie kwenye ufagio. Akampigania nafasi ya mafunzo mpaka ikapatikana.

Kwa siku anafunga watu arobaini. Shashi ya wiki huisha Alhamisi, na Ijumaa wagonjwa huambiwa waje na zao. Asiyenayo hukatiwa kipande kutoka akiba ambayo Taratibu huificha nyuma ya kopo la pamba, siri inayojulikana na hospitali nzima.

"Watu wanadhani kazi imeisha nyuzi zikitolewa," anasema. "Nyuzi zikitoka ndiyo kwanza kovu linazaliwa. Litawasha, litakuwa gumu, litabadilika rangi. Mwaka mzima, hata miwili, bado linatafuta pa kutulia. Na mwenyewe lazima alizoee."

Humkanya kila mtu asipake majivu wala dawa ya meno. Kidonda kikishafunga kabisa, baada ya wiki kama sita, huwafundisha kulikanda kovu kwa vidole viwili na mafuta kidogo, ili lisigande na nyama iliyo chini yake. Amewafundisha mamia ya watu. Wengine humsimamisha barabarani na kupandisha shati kumwonyesha.

Lakini liko kovu moja ambalo hajawahi kuliona, na liko nyumbani kwake.

Mkewe ni mwalimu wa darasa la tatu. Majirani wanamwita Mama Mapacha, ingawa mapacha wenyewe wamekua na wanaishi mbali. Miaka mitatu iliyopita, akioga, aligusa kitu kama punje ya haragwe kwenye titi la kulia.

"Aliniita," anakumbuka Taratibu. "Akaushika mkono wangu, akauweka pale. Nami nilijua, ila nilisema twende tukapime kwanza."

Walikwenda. Baada ya vipimo madaktari wa hospitali kubwa walishauri titi liondolewe, na likaondolewa. Siku tano baadaye mwalimu akarudi nyumbani, kifua kimefungwa bandeji.

Taratibu alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa ameisugua meza, amenunua mkasi mpya, amepanga shashi na maji ya chumvi juu ya kitambaa cheupe. Mkewe aliiona meza ile akiwa bado mlangoni, mkoba mkononi.

"Nitafungwa kule zahanati ya sokoni," alimwambia. "Nimeshaongea nao."

"Nikadhani ni uchovu," anasema Taratibu. "Kesho yake akachukua mwavuli wake, akaenda. Nusu saa kwa miguu, na kidonda kibichi. Nami huyo nikaenda kazini kuwafunga wake za watu."

Maneno ya majirani hayakukawia. Mganga hajigangi, walisema, lakini hata mke? Wengine wakanong'ona kwamba lazima pana ugomvi. Hapakuwa na ugomvi. Walikula pamoja, walilala kitanda kimoja, mwalimu akiwa amevaa gauni lenye vifungo mpaka shingoni.

Jumapili jioni, kwenye kibaraza cha nyumba yao, mwalimu mwenyewe amekubali kumweleza mwandishi. Ni mwanamke mwembamba anayezungumza kama anayesahihisha daftari, neno baada ya neno.

"Miaka yote alikuwa akirudi nyumbani na habari za vidonda," anasema. "Huyu kapona, yule kaoza mguu, wa tatu kashonwa vibaya. Nilikuwa nasikiliza huku napika. Sasa nilipolala pale hospitalini nikawaza, huyu mwanamume ana wagonjwa arobaini kwa siku. Sikutaka kuwa wa arobaini na moja."

Anatazama mikono yake.

"Nilitaka abaki na yule mke aliyekuwa anamjua. Niliogopa akishaona ataniangalia kwa macho yale ya kazini. Macho mazuri, hayana dharau. Lakini si ya mume."

Taratibu ameketi kwenye kigoda upande wa pili. Baadaye, mkewe anapoingia ndani kuangalia chai, ndipo anapofunguka.

"Unajua nilikuwa nafanyaje? Nilikuwa nanusa. Akipita karibu navuta pumzi, nisikie kama kidonda kina usaha. Asubuhi nilikuwa natazama anavyoinuka kitandani, anaegemea mkono upi, anasita wapi. Kwa hayo nikajua siku nyuzi zilipotolewa, na hakuna aliyeniambia. Kila Jumapili nilikuwa nakata shashi, nakunja, naweka nje ya mlango wa chumba. Jumatatu nakuta ameichukua kwenda nayo zahanati. Hapo nafurahi kama niliyeandikiwa barua."

Mwezi wa nne baada ya upasuaji, mwalimu alirudi darasani na tatizo jipya. Kovu lilikuwa limegandia kifuani, na mkono wa kulia haukupanda kupita bega. Tarehe, ambayo kila siku huandikwa juu kabisa ya ubao, ikawa inaandikwa na kiranja wa darasa, msichana mrefu kuliko wenzake. Siku moja mtoto wa dawati la mbele akauliza kwa nini mwalimu siku hizi anaanzia ubao katikati. Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akamaliza kipindi, kisha akaenda kukaa stoo ya vitabu mpaka kengele ilipolia.

Jioni ile, Taratibu akiwa sebuleni, alisikia sauti kutoka chumbani, mlango umefungwa.

"Baba Mapacha."

"Naam."

"Lile la mafuta unalowafundisha watu, linafanywaje?"

Alisogeza kiti mpaka kwenye mlango.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Chukua mafuta kidogo, kiasi cha punje ya mahindi. Weka vidole viwili juu ya kovu. Usisugue. Bonyeza, uzungushe taratibu, ngozi iende na vidole."

Alisikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa.

"Haiendi," mwalimu alisema. "Imeshika."

"Itaenda. Leo haitaki, kesho itakataa kidogo. Inauma?"

"Inavuta."

"Kuvuta sawa. Ikiuma, acha."

Ndivyo walivyoendelea, dakika kumi kila jioni, miezi mingi, yeye upande huu wa ubao wa mlango na mkewe upande ule. Alimuuliza kovu lina rangi gani, ni refu kiasi gani, limenyooka au limejikunja mwishoni. Mkewe alimjibu yote. Taratibu anasema anaweza kulichora kovu lile kwenye karatasi.

"Nilitamani mikono ile iwe yangu," anasema. "Si kwa kazi. Nilitamani tu niwe pale."

Kwenye ukuta wa ujia wa nyumba yao kuna alama za penseli, kila moja na tarehe yake. Mwalimu alikuwa akipandisha vidole ukutani kila asubuhi na kuweka alama pale vilipoishia. Ya chini iko usawa wa bega lake. Ya juu inapita kichwa kwa urefu wa kiganja. Tarehe ya ubaoni sasa anaiandika mwenyewe.

Yapo mengine yaliyobadilika. Sista anayefanya kazi na Taratibu anasema kwamba siku hizi kabla ya kumgusa mwanamke yeyote humuuliza, "Mama, ungependa nani akufunge, mimi au sista?" Akichaguliwa sista, hutoka nje na kufunga mlango mwenyewe.

Mwalimu amerudi na chai. Huku akimimina, bila kuinua uso, anamwambia mumewe jambo ambalo ni wazi hakulitayarisha kwa ajili ya mgeni.

"Baba Mapacha, huku nyuma ya kwapa kovu bado limekaza. Mkono wangu haupafikii."

Taratibu anaweka kikombe chini.

"Haupafikii kabisa?"

"Kabisa. Shule inafunga Ijumaa. Nitakuwa na nafasi."

"Ijumaa hii?"

"Hii."

Anapomsindikiza mwandishi hadi barabarani, Taratibu hatembei kwa mwendo unaofanana na jina lake. Anapita geti, anarudi kulifunga, anasahau alichokuwa akisimulia.

"Miaka ishirini na sita," anasema hatimaye, akivitazama viganja vyake vilivyochujuka kwa sabuni. "Nimegusa vidonda ambavyo hata madaktari waligeuza uso, na mkono haujawahi kunitetemeka. Sasa ombi langu ni moja tu. Ijumaa usije ukatetemeka, akadhani nimeogopa."