Kulabu Iliyomezwa na Mvule

Kabla hapajawa na injini wala paa la bati, kiwanda kile cha mbao kilikuwa shimo. Mume alisimama juu ya gogo, mke akasimama ndani ya shimo, msumeno mmoja mrefu katikati yao, huyu anavuta, yule anavuta. Unga wa mbao ulimnyeshea mke kutwa nzima mpaka nyusi zikawa za njano. Wateja wakampa jina, Wa Chini. Mume alipofariki, shimo likafukiwa na msumeno wa duara ukafungwa juu yake, lakini jina halikufukika.

Sasa Wa Chini ni bibi mzima, na mvule umelala uani, umeangushwa na upepo. Ndio mti uliowapa kivuli tangu siku za shimo, na tumboni mwake mna chuma. Mumewe aligongomea kulabu pale, watundike dumu la maji ya kunywa. Dumu likatoboka, kulabu ikasahauliwa, na mti ukaimeza taratibu, kama mtu anayemeza mate.

"Mama, iko wapi?" akauliza mwanawe, anayeendesha msumeno. "Seremala anataka mbao ndefu za milango. Nikitupa kipande cha shubiri moja, milango inapatikana. Lakini nikikosea, msumeno ni huu mmoja. Ukiuma chuma, tumefunga kiwanda."

"Sasa si nikuonyeshe?"

"Mti umekua, mama. Kulabu nayo itakuwa imepanda."

"Imepanda kwa ngazi? Mti unakua kwa kichwa, wewe! Kiunoni hauendi popote. Nilikuwa napasua mbao wewe hujui kutambaa."

Mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye ndiye anayenoa meno ya msumeno, akainamia tupa yake kuficha kicheko.

Wa Chini akavua ndara, akajilaza kando ya gogo, nyayo zake zikiwa sawa na mahali shina lilipotokea ardhini. Dumu alikuwa akilitungua kwa mkono ulionyooka, bila kuchuchumia. Akaunyoosha mkono juu ya kichwa, akafumba macho.

Harufu ya mti mbichi ikamchukua. Ardhi ikalainika mgongoni, shimo likafunguka, na huko juu akaiona miguu ya mumewe tu, imesimama angani, msumeno ukienda na kurudi bila sauti. Unga ulishuka polepole, ukichelewa hewani. Akapanda kutoka shimoni, kijana, koo limemkauka. Mkono ukaenda wenyewe.

"Hapa!"

Mwanawe akachora kwa mkaa penye ncha za vidole.

"Mama," mkwe akasema kwa sauti ya chini, "usinikasirikie. Gauni lako lile la zamani, si nimelikunja upindo mara mbili?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umepungua, mama. Aliyetundika dumu alikuwa mrefu kuliko wewe."

"Sijapungua. Gauni ndilo lililorefuka."

Hakuna aliyecheka. Mwanawe alikuwa ameweka kiganja juu ya msumeno, kama anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Wa Chini akautazama ule mkono, akautazama mstari wa mkaa. Kisha akalala tena, akafumba macho. Kando yake alilala msichana mwenye nyusi za njano, na mkono wa msichana ukaupita wake.

"Ongeza vidole vinne," akasema. "Sita. Na atakayemwambia seremala, atanitambua."

Wakakikata kile kipande cha shubiri penye alama mpya kwa msumeno wa mkono, wakakiweka kando. Injini ikawashwa, gogo likasukumwa. Wa Chini hakuinuka wala kufumbua macho. Mlio ukaingia ndani ya mti, ukaenda, ukaenda, sauti ile ile moja, ukatokea upande wa pili.

"Umepita, mama!"

"Nimesikia. Masikio hayajapungua."

Akainuka, akajikung'uta, akaenda kushika ncha ya ubao wa kwanza, mkwewe akiwa ameshika ncha ya pili.